Inchi Mbili za Ndani

Shangazi,

Uzi ukikatika kati ya meno yako: huo ndio mlio uliobaki nami. Mkasi ulikuwa palepale mezani, lakini wewe uliinama kila mara, tik, kisha ukalipapasa rinda kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Duka limekua. Tumebomoa ukuta kati ya chumba chako na sebule, cherehani sasa ni nne, na jina lako liko juu ya mlango kwa herufi za chuma. Wasichana wanatoka ng'ambo ya mji kuja hapa Umoja, wanajipiga picha kwenye kioo hata wasiponunua. Ungewacheka. Halafu ungewapa chai.

Lakini kuna jambo sijakwambia.

Ulinifunza kuacha inchi mbili za kitambaa ndani ya kila mshono, zikunjwe zisionekane. Mimi na digrii yangu nikauliza kwa nini tunaficha kitambaa kizuri. Hukuinua hata macho. "Mwanamke habaki na mwili mmoja, mama. Atarudi tumpanulie."

Ulipokufa, mwenye duka kubwa la mjini aliniomba nimshonee marinda ya kuuza. Alitaka mishono myembamba, kitambaa kitoe marinda mengi zaidi. Nilikubali. Muda si muda, hata ya wateja wetu wa hapa yakakatwa hivyo hivyo. Sikuwaambia. Nilijiambia kwamba ndivyo duka linavyokua.

Wiki jana akaja Mama Swabra, jirani yetu wa maandazi, na rinda lake la kijani. Dawa zimemvimbisha, Shangazi, na alitaka tulipanue alivae harusini kwa Swabra. Nikafumua ubavu mbele yake. Hakukuwa na kitu ndani.

"Kwani hii ulishonea nyoka?" akasema, na mafundi wakacheka. Kisha akalikunja polepole. "Shangazi yako alijua nitanenepa hata kabla mimi sijajua." Akaliacha mezani, akatoka.

Siku ya mazishi yako sikulia. Watu waliona. Nililia siku hiyo ya rinda la kijani, nimejifungia nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Nilikuwa nimedhani kuandika jina lako mlangoni kunatosha.

Pumzika, Shangazi. Maadamu duka hili liko mikononi mwangu, hakuna mwanamke atakayeletewa aibu na nguo yetu. Jumatatu nilimpigia yule wa mjini, nikamwambia atafute fundi mwingine. Alikasirika, cherehani mbili sasa zimekaa bure. Kisha nikawaandikia wateja wetu wote walioshonewa marinda yale wayarudishe, tuyaongezee vipande ubavuni bila malipo. La Mama Swabra nimelishona mwenyewe. Nilimpelekea asubuhi, akalivaa juu ya dera lake, palepale kando ya karai la mafuta, akainua mikono yote miwili, na halikumbana.

Mwende wako