Akiba ya Pindo

Dada yangu mpenzi,

Hujambo wewe na shemeji? Na wanangu wawili hawajambo? Waambie mama yao mdogo anawakumbuka kila siku. Sisi huku tu wazima wa mwili, ila mimi nina hasira, na utanivumilia kama ulivyonivumilia tangu utotoni. Si bure Baba aliniita Sindano.

Barua yako nimeipata. Nimeona ulivyouliza juu ya macho ya Baba, na kwamba umeshamtafutia miwani nzuri na unangoja tu mtu wa kumpa aje nayo. Ahsante, dada. Lakini kabla hujampa mtu yeyote, isome hii mpaka mwisho.

Ni kweli Baba anafunga duka mwisho wa mwezi huu. Ameandika kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa cheusi, akakitundika mlangoni. Na tangu kitundikwe, mtaa mzima umegeuka matanga. Mwenye saluni wa ng'ambo ya barabara alikuja ameshika kifua, akalalamika kwamba mtaa bila fundi utakuwa mtaa gani. Nikamuuliza mara ya mwisho ameshonesha nini hapa. Akasema mbona wiki iliyopita tu alikuja. Alikuja, ndiyo! Alikuja kuwekewa kifungo kwenye gauni alilonunua duka kubwa la pale kituoni, akawekewa bure, akaondoka hata bila kukaa.

Mwalimu mkuu naye kaja kupiga picha cherehani. Huyu ambaye suruali yake ya harusi Baba ameipanua mara tatu, na tumbo bado linaendelea. Kwenye mkutano wa wazazi alisimama mbele yetu akalisifu duka kubwa, kwamba mzazi anaingia na kutoka na sare kwa dakika tano. Baba alikuwa ameketi safu ya pili. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, na mimi nikatamani kumrushia mtu kiti.

Kinachonichoma zaidi ni vipimo. Watu wanamleta mtoto, Baba anapiga magoti na futi yake, anapima kifua, kiuno, urefu, anawatajia. Wao wanaandika kwenye kiganja, wanasema watarudi Jumamosi, halafu wanakwenda moja kwa moja duka kubwa kuchagua saizi. Mikono ya shati ikizidi, hao wanarudi apunguze. Nilimwambia abandike tangazo kwamba kupimwa si bure. Akacheka, akasema mtoto aliyekwisha simama mbele yake hawezi kumrudisha bila kumpima, kwa sababu mtoto hana kosa.

Akiba unaijua, huna haja ya kuelezwa. Vidole vinne vya kitambaa alivyokuwa akivikunja ndani ya pindo, ili mwaka ukigeuka mtoto arudi na sketi ileile aseme, fundi, nifungulie akiba. Sketi moja uliivaa wewe miaka mitatu, kisha nikairithi mimi, na mstari wa pindo la zamani ulikuwa haufutiki hata kwa pasi. Nilikuwa nauonea haya. Sasa nenda kaigeuze sketi ya duka kubwa uone pindo lake. Ukucha mmoja. Mtoto akirefuka, nunua nyingine.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichane karatasi mbili kabla ya hii.

Shule zilipofunguliwa, Baba aliniuliza mbona mjukuu wake hajaletwa kupimwa. Nikamjibu kwamba sketi ya mwaka jana bado inamtosha. Nilimdanganya. Sketi mpya ilikuwa kabatini kwangu. Niliinunua duka kubwa siku moja nikitoka kazini, nimechoka, na foleni ilikuwa fupi. Sina sababu nyingine, dada, nimeitafuta sijaipata. Nilikaa kitandani nikaifumua lebo kwa wembe, uzi mmoja mmoja, nikajiona mjanja. Lebo niliikumbuka. Mimi, binti wa fundi, nikasahau pindo.

Mwanangu anarefuka kama ulivyorefuka wewe. Jumamosi moja akaitia sketi kwenye mfuko, akaenda kwa babu yake bila kuniaga, akamwomba amfungulie akiba. Yeye anajua sketi zote zina akiba. Anasema babu aliigeuza, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia asubiri. Alirudi nyumbani na sketi imeungwa kipande chini, rangi ileile, mshono huuoni mpaka uupapase kwa kidole. Imepigwa pasi. Mimi sikuletewa neno lolote. Jumatatu yake Baba akatundika kile kitambaa mlangoni. Nilipomuuliza, akasema macho yamechoka, na akaniomba nikuandikie hivyo. Nikakuandikia, huku najua.

Kwa hiyo hayo yote niliyowasema mwenye saluni na mwalimu mkuu, nayasema nikiwa nimesimama nao. Wao angalau hawakung'oa lebo.

Jana nilikwenda nikamweleza Baba kila kitu. Aliniuliza tu kama pindo la mtoto limelala vizuri. Nikamwomba anishonee gauni la kazini. Akatoa futi shingoni akaniambia ninyanyue mikono. Nilikuwa nalia, akanikemea kwamba kifua kinapanda na kushuka, kipimo hakitoki sawa.

Unamjua Baba. Hajapata kufunga duka huku kazi ya mtu ikiwa mezani. Gauni langu litamchukua siku mbili. Siku zimebaki kumi na moja. Usitume miwani, dada. Tuma vipimo: vyako, vya shemeji, vya watoto, vya jirani yako yeyote mwenye mwili. Na kwa watoto, andika waziwazi kwamba unataka akiba.

Macho yake ni mazima. Ameona ukucha mmoja.

Nisalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na ujibu upesi.

Mdogo wako akupendaye,
Sindano