Bangili za Mama Kwenye Dashibodi

Jumamosi, Tarime

Nimezikata mwenyewe, kwa mikono yangu. Hilo ndilo linaloniuma.

Kaka Chacha aliponiletea gari lake nimpambie ndani, alikuja na nyaya nene za shaba nyekundu, zimenyooshwa. Alisema kazipata kwa wauza vyuma chakavu Sirari. Nilizipenda kwa mistari yake midogo ya kuchongwa. Nikazikata vipande, nikaving'arisha, nikavipanga kwenye dashibodi na milango. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile.

Leo Mama amekuja kutoka Susuni kuliona gari. Akapitisha kidole kwenye ile mistari.

"Chacha, hizi ni bangili zangu."

Zile alizovishwa na bibi siku ya kuolewa. Mimi nilisikia habari zake tu, sikuwahi kuziona.

Kaka akainamisha kichwa. "Mama, zilikaa tu kwenye sanduku. Nikazinyoosha, nilitaka zionekane."

Mama akanigeukia mimi. "Mwita, unaweza kuzirudisha?"

Nikamwambia ukweli: vipande ni vifupi, na vyote nimevitoboa kwa ajili ya skrubu. Hakuna hata kimoja kinachotosha kuzunguka mkono wake. Kama ningeuliza tu siku ile...

Nilidhani atakataa kupanda. Lakini wakati wa kumrudisha nyumbani aliomba kiti cha mbele. Akaweka kiganja juu ya shaba, hakukiondoa njia nzima. Tulipofika Susuni, Chacha alizima injini, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia ashuke.