Kuzimia kwa Samson

Jumamosi, 6 Julai 1996

Mshenga kaja! Mzee Hosea wa Kisiba. Nikajificha chumbani — ukuta wetu wa mbao hauzuii kitu. Samson kamchagua kwa kuwa mzee hasahau neno. Balaa ndilo hilo. Kafikisha kila kitu kama alivyotumwa: kijana ni mwalimu pale Kawetele, kakulia Dar, na kwa Esnath (ndiye mimi!) amezimia kabisa.

Baba akauliza, alizimia wapi? Mzee Hosea akasema hilo hakuuliza, ila kijana anasema huzimia kila akimwona binti.

Loo, Samson na maneno yake ya mjini!

Jumapili, 7 Julai

Baba hakuimba kanisani, yeye mwenye sauti ile. Baada ya chakula akasema hawezi kumwoza binti yake kwenye kifafa. Ila Jumamosi kijana aje, aulizwe uso kwa uso.

Na mimi nampenda huyu mtu. Basi, nimeandika. Mwaka mzima anakuja kwenye meza yangu ya mitumba kununua mashati, mengine hata hayamwenei. Baba akikataa, sijui nitafanya nini.

Jumatatu, 8 Julai

Nimemweleza Mama: kuzimia ni kupenda, vijana ndivyo wanavyosema. Akanijibu kupenda ni kupenda, kuzimia ni kuzimia. Binamu yake wa Matwebe alizimia akaangukia mafiga, na mkono haukupona vizuri mpaka leo.

Basi amweleze Baba hivyohivyo nilivyosema? Akasema nimweleze mwenyewe. Nimwambie Baba kuna mwanamume ananizimia? Kwa mdomo upi!

Alhamisi, 11 Julai

Samson bado yuko semina Mbeya. Keshokutwa atakuja huku moja kwa moja. Nitamvizia stendi nimfundishe Kiswahili.

Jumamosi, 13 Julai

Nimenyeshewa stendi bure. Kumbe mwenzangu kapata lifti ya lori la chai, kashushwa mlangoni! Nafika nyumbani, keshakaa na suti yake, jiko la mkaa miguuni. Kulikuwa na baridi kweli.

Mama alikuwa anamwomba radhi, chakula kimechelewa. Samson: usikonde, Mama.

Mama kanifuata chumbani, anajishika kiuno. Nani kamwambia kijana yule kwamba amekonda? (Mama! Tangu nizaliwe hajawahi kukonda.) Nikamwambia ni kama kusema usijali. Akanitazama. Akakaa kitandani. Akauliza taratibu, kwa hiyo hata kule kuzimia...? Nikasema ndiyo, Mama, ndiyo!

Kainuka akamwambie Baba. Kachelewa. Baba keshaanza, kwa Kiswahili chake cha Biblia: mwanangu, usinifiche, mara ya mwisho ulizimia lini?

Samson kacheka kidogo. Kisha kwa heshima zote, nasikia kabisa: tangu siku ya kwanza pale sokoni, Baba, mpaka leo sijazinduka.

Mama kaganda mlangoni. Mimi nachungulia kwenye ufa, daftari mapajani.

Baba kachukua kipande cha gunia, kashika jiko, kalisogeza mbali na miguu ya Samson. Sasa anavuta kiti chake. Kakaa karibu naye, bega kwa bega, upande ule ambao anaweza kuangukia.