Mkono Ndani ya Koti Langu

Jumatatu, 3 Septemba 1956

Nimerudi Mbeya. Mgongo unauma, vumbi la Iringa bado limo masikioni. Leo nimeanza kuchambua picha nilizopiga safarini – maharusi wa Malangali, wazee wa Kalenga, watoto wa ubatizo. Karibu kila mwanamume kavaa koti langu jeusi la kuazimisha! Wanene limewabana, wembamba limewameza. Nimecheka peke yangu.

Za Tosamaganga nimeziacha mwisho, kama mtoto anavyobakiza nyama sahanini. Paskalina wangu yumo. Krismasi Mjomba atanipelekea posa kwao.

Jumanne, 4 Septemba

Uji haupiti. Ipo picha ya Paskalina na Ambrosi, mwalimu mwenzake. Mkono wa Ambrosi uko begani kwa Paskalina. Na umo ndani ya koti langu!

Nani alimwambia auweke? Mimi. “Sogea, mwalimu, mshike dada bega, picha ipendeze.” Wote huwa nawaambia hivyo, maana husimama kama magogo. Wengine hugusisha tu. Huyu ameukalisha. Na Paskalina – mimi hajawahi kunitabasamia namna ile.

Nilipomwuliza nimchapie ipi, alisema hiyohiyo ya wawili. Nikadhani amelipenda gauni lake jeupe lilivyotokea. Mjinga mimi!

Alhamisi, 6 Septemba

Nimemkata Ambrosi. Kwenye karatasi tu; negativu, filamu yenyewe, ipo nzima. Nimemchapa Paskalina peke yake. Lakini mkono umebaki! Vidole begani, mwenyewe hayupo. Nikaupaka rangi nyeupe, juu yake nikachora ua.

Bwana Halfani, mwenye duka la vitambaa ninakopanga chumba cha nyuma, kaliona ua, kacheka mpaka kofia ikaanguka. Ati nimemwotesha binti wa watu kabichi begani. Ati wivu wangu nao niupige picha, utapata wateja.

Sitaki utani. Ni wivu kweli, na unanila.

Jumamosi, 8 Septemba

Krismasi mbali. Nimemwomba Mjomba aende sasa. Kashangaa – posa gani hii ya mbio, kama tunakimbiza mwizi? Nikang'ang'ania. Kaondoka na basi la asubuhi, jembe jipya la posa kalifunga kwenye gunia. Leo angalau nimekula.

Jumatatu, 10 Septemba

Paskalina yuko hapa! Kaja jana na lori la mbao, kumwona dada yake aliyejifungua. Wamepishana na Mjomba njiani. Hajui kitu.

Kaniita “Kaka Liberatus”. Zamani nilikuwa Libe.

Nikampa bahasha. Akaitazama picha. Akalikwaruza ua kwa ukucha, taratibu, likabanduka.

“Kaka, mkono wake uko wapi?”

Wake! Nikasema mashine ilisumbua.

“Basi nichapie tena. Mbili, yangu na ya mwenyewe, kanituma. Mimi nasubiri tu, sina haraka.”

Amekaa kwenye benchi la Bwana Halfani, anamenya chungwa. Namsikia anaimba kidogo. Saa hizi Mjomba ameshapiga hodi kwao.

Nimo chumba cha giza, naandika kwa taa nyekundu. Karatasi imo kwenye dawa ya kutoa picha. Sura zao bado. Gauni bado weupe mtupu. Kilichotangulia kutokea ni mkono, na vidole vyake vyote. Umetoka vizuri sana.