Mjukuu Aliyeonjeshwa Gam Mbichi

Mshauri wangu Mama Ok-bun, nakusikiliza redioni kila asubuhi nikimenya vitunguu saumu, na leo ni zamu yangu kuomba msaada.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa, naishi peke yangu kijijini karibu na Sangju, uani nina mti wa gam, yale matunda ya rangi ya chungwa yanayofanana na nyanya, alioupanda babu yangu, na gam zetu hata zikiiva haziliki mtini, zinajaza ukakasi mdomo mzima mpaka uzimenye uzianike kwa kamba barazani, sasa mwaka jana binti yangu Mi-ran alikuja na mwanawe Da-on, wa miaka saba, tuangue pamoja, mtoto akashika tunda moja zuri akaniuliza, "Babu, hili tamu?" nami nikamwambia, "Tamu kama asali, ling'ate!" maana hata mimi babu yangu alinifanyia hivyo hivyo chini ya mti huo huo tukacheka, basi akang'ata, uso ukamkunjamana, nikacheka mpaka kofia ikaanguka, na jirani yangu Pan-sul juu ya ngazi akacheka pia, lakini Da-on hakulia wala hakucheka, alifuta ulimi kwa mkono wa sweta akaenda kukaa garini hadi jioni.

Wiki hii nimempigia Mi-ran simu kumwambia matunda yako tayari, akasema, "Baba, Da-on hataki kuja. Anasema babu mwongo." Nikamwambia ulikuwa utani tu. Akanijibu, "Utani mliucheka wewe na Pan-sul tu."

Pan-sul anaweza kunisaidia kuangua, lakini mimi namtaka mtoto, nimemkumbuka hata naona aibu kuandika. Nimefikiria niseme nimeanguka ngazini, hapo watakuja mbio. Nifanye hivyo?

Babu wa Da-on

Babu wa Da-on, pole. Nilisoma barua yako nikitabasamu mpaka nilipofika kwenye kuanguka ngazini, hapo nikavua miwani. Hivi wewe mzee, umeitwa mwongo, na dawa uliyoiona ni uongo mwingine? Acha kabisa!

Babu yako alikutania, sawa. Lakini uliishi naye, kesho yake mlikula wali pamoja, yakaisha. Da-on haishi nawe. Amekaa na ukakasi ule mwaka mzima.

Leo hii piga simu uombe kuzungumza na mtoto mwenyewe. Sema, "Da-on, babu alikudanganya, nisamehe." Ukomee hapo, usiongeze habari ya utani, na usicheke. Kisha mwambie akija atachagua tunda lolote mtini, nawe utalila lote mbele yake bila maji. Pan-sul naye ashuke ngazini ale la kwake. Mwacheni mtoto acheke mpaka achoke.

Halafu kaeni barazani mmenye, mpe kamba yake mwenyewe aning'inize za kwake. Baada ya siku kama hamsini atataka kurudi kuzionja bila kubembelezwa. Akikuuliza, "Babu, hili tamu?" usimjibu. Ling'ate wewe kwanza, kisha mpe nusu iliyobaki.