Kitambaa cha Bibi juu ya ruta

Saa 1:10 asubuhi: ruta ya zamani imewaka taa ya kijani chumbani kwa Bibi.

Gozbert na Clara, nimeiunganisha kwa waya na ruta mpya ya sebuleni, kwa hiyo waifai sasa inafika mpaka kwa Bibi, nyumba ya uani. Nenosiri ni lilelile. Mkifagia, msichomoe waya.

Bibi ameifunika kwa kitambaa chake cha kufuma, kama anavyofunika redio. ~~Kitoeni, ruta itapata moto.~~ Kiacheni. Nimeigusa baada ya nusu saa, ina uvuguvugu tu.

Uji wake uko kwenye chupa.

Gozbert, ruta hii ulisema, "Mama, hiyo ni takataka." Tangu magoti yaanze kumsumbua, Bibi hajaweza kufika sebuleni kumwona dada yake wa Bukoba kwa video. Leo amempigia akiwa kitandani, ila alivaa kwanza kilemba cha kanisani. Dada yake hakusalimia. Alisema, "Umezeeka." Bibi akajibu, "Na wewe meno umemwachia nani?"

Saa 1:50, naondoka: bado wanacheka.

Mama