Majoho ya Kwaya Yako Majini

Jumatano, 24 Desemba

Nimemaliza kupiga pasi majoho ya kwaya. Mkono umekufa ganzi. Kesho watang'aa kama malaika — malaika! Mimi ndiye ninayewafulia, kola zao nazijua.

Jioni kaja Mama Kinanda. Ndiye mwenyekiti wa kwaya, na mwanawe ndiye mpiga kinanda, hivyo jina nililompa linamtosha. Kasema joho la mjukuu wangu libaki kwenye msumari. Tumbo limeanza kuonekana, watu watasema. Eti si yeye, ni utaratibu. Nikamuuliza, na aliyelitia hilo tumbo, yeye utaratibu haumhusu? Akajitia kukohoa. Anajua vizuri ni mwanawe. Kijana alimwambia mjukuu wangu angoje, kwanza aongee na mama. Mpaka leo wanaongea!

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

Wamemweka mtoto wa watu benchi la mwisho, pamoja na wale wanaokuja mara moja kwa mwaka kuonyesha viatu. Nikaenda kukaa naye. Benchi langu la mbele likabaki na vumbi lake.

Mchungaji kahubiri juu ya Mariamu, msichana mwenye mimba aliyefungiwa milango. Kalia machozi, kitambaa mkononi. Wote amina, amina! Kisha wakageuza shingo kuangalia nyuma, kama tumbo limekua. Jamani. Huyo Mariamu angekuja leo wangemleta benchi hili hili, na joho wangemnyima.

Kwaya iliimba ovyo. Sauti ya pili ilikuwa inapapasa ukuta, maana mwenye sauti hiyo alikuwa ubavuni kwangu, kafunga mdomo. Kijana kainamia kinanda kama aliyeangusha sindano humo ndani.

Jumapili, 28 Desemba

Wameniletea majoho nifue. Yananuka jasho na pilau ya sikukuu.

Mchungaji naye kaja. Jumapili ya kwanza ya mwaka, waliotengwa wanasimama mbele na kuomba radhi kanisa zima. Anataka mjukuu wangu asimame, aanze mwaka akiwa safi. Asiposimama, kwaya asahau, na mtoto hatabatizwa. Nikamwambia, Mchungaji, mwanangu, nimekusikia. Watasimama wawili? Akatazama kikombe. Eti kijana hajakiri.

Ahaa! Kumbe ukikana huna dhambi. Nikamwongezea chai, maana mgeni ni mgeni. Sukari sikuweka.

Mjukuu wangu alikuwa mlangoni. "Nitasimama, Bibi. Yaishe." Sauti kama ya mgonjwa. Huyu ndiye aliyenishika mkono nikaandika jina langu, mpaka leo naandika daftari hili, mimi ambaye shule nimeiona kwa nje tu. Alinicheka mpaka akakaa chini, eti herufi zangu zimelewa. Siku hizi hacheki. Haimbi.

Alhamisi, 1 Januari

Mkesha sikwenda, nililala zangu. Mungu ananisikia saa yoyote, hangoji watu wapige makelele.

Asubuhi Mama Kinanda kapita nikifagia. Kaniambia ameuanza mwaka na moyo mpya. Moyo mpya, ulimi ule ule! Keshatangaza mtaa mzima nani atasimama Jumapili. Hawa wanadhani ukibandua kalenda ukutani umetakata. Nguo haitakati hivyo. Inalowekwa, inasuguliwa, inakamuliwa.

Nimemwomba Mungu subira. Kanipa wazo.

Jumamosi, 3 Januari

Majoho yalikuwa yamekauka, yamekunjwa. Leo mchana nimeyarudisha majini. Yote! Karai, ndoo, beseni la kuogea, mpaka sufuria kubwa. Nimeyakanyaga kwa miguu, Mungu anisamehe, na nilikuwa naimba.

Yote isipokuwa moja. Hilo nimelifumua ubavuni. Kitambaa sikuwa nacho, nikakata shuka jeupe nililojiwekea la kuzikiwa. Sitakufa mwaka huu, nina kazi.

Mjukuu wangu kauliza nashona nini. Nikasema mapazia. Kaangalia kidogo. "Bibi, hayo mapazia mbona yana mikono?" Akacheka! Kidogo tu, lakini nimesikia.

Jumapili, 4 Januari

Kengele ya kwanza imelia. Mama Kinanda yuko mlangoni kwangu, anagonga kama polisi. Majoho yako wapi, Mama? Nikamjibu dirishani: yanatubu. Ingia uani uyaone yanavyolia maji.

Akaanza kubembeleza. Mama yangu, watu wameshajaa, kwaya itavaa nini? Nikamwambia, mwenzangu, imbeni mlivyo, Mungu awaone vizuri. Na mwanao asimame mbele na mjukuu wangu, bega kwa bega. Asiposimama, nitasimama mimi, na mimi nikisimama sinong'oni.

Nimerudi kukaa mezani, naandika huku nasikiliza. Yuko na mwanawe, kumbe. Sasa nasikia sauti ya kijana huko nje: "Mama, niache niseme mwenyewe." Na mama: "Nyamaza wewe!"

Haya, baba, tuone kama una mdomo. Mimi simsaidii.

Chumbani mjukuu wangu kalitoa joho kwenye msumari. Kalivaa. Hajui kwamba mlango uko wazi. Limemkaa! Kaweka mkono juu ya tumbo, anajaribu ile sauti ya pili, polepole, kama mtu anayepima maji kwa mguu.

Wanagonga tena. Wagonge. Kwanza amalize ubeti.